Anayechukua Kamisheni Achukue na Dhamana

Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa ghushi ilitungwa mwaka 2008, na anayeisoma kwa makini ataona kuwa walioiandika walimfikiria mtu mwenye duka. Inampa mkaguzi uwezo wa kuingia mahali, kupekua, kukamata mali na kuizuilia. Katika mji wa Amu, yaani Lamu, sheria ya namna hiyo ilieleweka bila kufafanuliwa, kwa sababu muuza vipodozi wa Usita wa Mui alijulikana kwa jina, kwa ukoo, kwa mtaa na kwa msikiti anaoswali, na mwanamke aliyeuziwa poda mbovu asubuhi alijua mlango wa kuirudisha kabla ya alasiri. Miaka iliyopita tangu hapo imemwondoa muuzaji mlangoni. Vipodozi vingi vinavyopakwa leo Mkomani, Langoni, Shela na hata Faza hununuliwa kwenye simu, kutoka kwa mtu ambaye mnunuzi hajui sura yake wala mji wake, ilhali sheria ingali inamsubiri dukani.

Tuifuate safari ya kikopo kimoja cha krimu. Mteja hutazama picha, husoma sifa, hulipa kwa M-Pesa. Kifurushi hupakiwa kwenye basi Nairobi au Mombasa, hupita Malindi, Garsen na Witu, hufika Mokowe, huvuka kwa boti hadi gati ya Amu, kisha hamali au punda humalizia safari. Katika mlolongo huo mzima kila mkono unaoshika mzigo una mwenyewe anayejulikana, na kila mmoja hulipwa: nahodha wa boti, kampuni ya basi, kampuni ya simu, na soko la mtandaoni lililokata kamisheni yake kabla ya wote. Asiyejulikana ni mmoja tu, naye ni yule aliyeijaza krimu ndani ya kikopo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba pale muuzaji huyo asipopatikana, soko lililomkaribisha, likampa ukumbi, likapokea pesa za mteja na kutoa fungu lake, linapaswa kubeba dhamana ya mzigo ule kana kwamba limeuuza lenyewe.

Jibu linalotolewa mara kwa mara, na wenye masoko hayo na hata na maafisa wa serikali, ni kwamba mnunuzi awe macho: aitilie shaka bei ya chini, asome maoni ya wateja, akague maandishi ya kasha. Ushauri huo una faida yake, lakini ushahidi uliopo unaonyesha kuwa hauwezi kuubeba mzigo unaotwishwa. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti ya jaribio ambalo wakaguzi wake walinunua bidhaa 47 kutoka kwa wauzaji wanaotumia masoko matano mashuhuri ya mtandaoni, kisha wakawaomba wenye chapa wazichunguze. Bidhaa 20 zilikuwa ghushi. Kinachostahili kutafakariwa zaidi ni jinsi idadi hiyo ilivyogawanyika: jozi 15 za viatu zilikuwa halali zote, ilhali vipodozi 13 vya chapa ya Urban Decay vilikuwa ghushi vyote 13. Tena vifurushi vyote vilitumwa kutoka anwani za humo humo Marekani, kwa hiyo anwani ya karibu haikuwa kinga.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Kiatu hukaguliwa kwa mkono: mshono, soli, uzito, harufu ya gundi. Kipodozi huuzwa kwa kasha lake, na kasha ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kuchapisha. Yaliyomo hayaonekani mpaka kifuniko kifunguliwe, na hata yakionekana, jicho halina uwezo wa kuyapima. Vikopo halisi vilivyokwisha huokotwa na kujazwa upya, na hapo hata kasha halisemi uongo, kwa kuwa lilitoka kiwandani kweli. Mwaka huo huo wa 2018 polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi ghushi vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 700,000, na vilipopimwa vikaonekana kuwa na bakteria na kinyesi cha wanyama. Hakuna mnunuzi, hata awe mwangalifu kiasi gani, ambaye angeligundua jambo hilo kwa kutazama picha kwenye skrini.

Hapa kwetu Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limeweka utaratibu mzuri wa kutuma nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili mteja ajue kama bidhaa imeidhinishwa. Naunga mkono utaratibu huo, na ninawahimiza watu wautumie, lakini lazima tuseme wazi unachothibitisha. Unathibitisha kuwa nambari ile ipo katika daftari la shirika, na mwenye kughushi aliyenakili jina, rangi na nembo hashindwi kunakili na nambari. Isitoshe, mnunuzi wa mtandaoni hupata nafasi ya kuisoma nambari hiyo mzigo ukishafika mkononi mwake, pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Lipo tatizo jingine, kubwa zaidi, ambalo mjadala wetu hulipita kwa haraka. Sheria ya bidhaa ghushi imejengwa juu ya haki za mwenye chapa. Inauliza kama jina lililo juu ya kikopo limetumiwa na asiye na haki nalo. Ngozi ya binadamu haidhuriwi na jina. Inadhuriwa na kilichomo. Mwaka 2022 muungano wa mashirika yanayopinga matumizi ya zebaki, Zero Mercury Working Group, ulichapisha matokeo ya vipimo vya krimu za kung'arisha ngozi 271 zilizonunuliwa katika masoko ya mtandaoni zaidi ya 40 kwenye nchi 17. Krimu 129, yaani karibu nusu, zilikuwa na zebaki kupita kiwango cha sehemu moja kwa milioni. Krimu ya namna hiyo inaweza kuwa imetengenezwa na mwenye chapa yake mwenyewe, kwa jina lake halali, bila kumwibia mtu alama, na kwa kipimo cha sheria ya bidhaa ghushi ikawa haina dosari. Zebaki hiyo hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa kuwa hugeuka mvuke, huwafikia pia watoto wanaolala chumba kimoja na anayeipaka. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuagiza vipodozi vyenye zebaki iliyozidi kiwango hicho, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa kiwango chenyewe ili zebaki isiongezwe kabisa katika kipodozi chochote.

Kikopo kimoja, basi, chaweza kuwa na makosa matatu kwa pamoja. Kikiwa na jina la wizi ni kazi ya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Kikiwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ni kazi ya KEBS. Kikiwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi kali inayotakiwa kuandikwa na daktari, kinaingia katika eneo la Bodi ya Dawa na Sumu. Mwanamke wa Matondoni aliyeamka uso ukiwa umevimba hawezi kujua ni lipi kati ya hayo lililompata, kwa kuwa jibu liko maabara, na bado anatarajiwa ajue ni mlango gani abishe. Nazo ofisi za kanda za KEBS na za Mamlaka hiyo ziko Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Soko lililomuuzia, kwa upande wake, liko katika simu yake usiku na mchana. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo linalopaswa kuwa mlango wa kwanza, na liende lenyewe kushughulika na ofisi hizo tatu.

Nizungumzie steroidi kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo mfumo mzima wa maoni ya wateja unapoporomoka. Krimu yenye klobetasoli huanza kwa kupendeza. Uwekundu hupungua, chunusi hunywea, weusi hufifia, na mtumiaji hujiona amepata alichokitafuta miaka mingi. Katika siku hizo ndipo soko humtumia ujumbe wa kumwomba atoe maoni, naye hutoa nyota tano kwa moyo mweupe. Madhara huja baadaye: ngozi hukonda mpaka mishipa ikaonekana, michirizi hutokea, chunusi za aina nyingine huzuka, nywele huota pasipofaa, na akijaribu kuacha uso humrudi kwa kuwaka na kuwasha kuliko alivyokuwa mwanzo, hata akalazimika kununua kikopo kingine ili apate nafuu. Haidrokwinoni nayo ina mwendo wake wa polepole. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza tangu mwaka 1975 jinsi matumizi yake ya muda mrefu yanavyoacha mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo ni vigumu mno kuondoka. Kwa hiyo sifa zilizoandikwa chini ya picha ya krimu za namna hii ni za kweli na zinapotosha papo hapo. Walioziandika hawakudanganya, waliulizwa mapema. Na anayezisoma akiwa Amu, akifanya kila alichoshauriwa afanye, anaongozwa moja kwa moja kwenye kikopo kinachomdhuru.

Kwa nini basi watu hununua huko? Nisingependa kulijibu swali hili kwa kuwalaumu wanawake, kama inavyofanyika mara nyingi katika mawaidha yetu. Soko la mtandaoni limeleta manufaa ya kweli kisiwani. Msichana mweusi wa Siyu anapata poda ya rangi ya ngozi yake, ambayo maduka hayakuwahi kuleta kwa kudhani hakuna mteja. Mtu anayeishi na ualbino anapata losheni ya kukinga jua pasipo kungoja mgao, ingawa losheni hiyo ikiwa ghushi ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana humpa moyo wa kukaa juani kwa saa nyingi ilhali haimkingi na chochote. Zaidi ya hayo, simu inatunza siri. Mke mtarajiwa anayetaka uso ung'are kabla ya harusi hatapenda kumwambia muuza duka ambaye ni jirani ya shangazi yake, na siri hiyo inamfuata hata baada ya kuumia, ndiyo maana malalamiko ni haba kuliko majeraha.

Wala si kweli kwamba vya zamani vyote vilikuwa salama. Wanja wa manga uliosagwa kutokana na mawe yenye madini ya risasi ulikuwa na sumu, hata kama bibi zetu waliutia machoni pa watoto kwa mapenzi. Piko, inayochorwa siku hizi mikononi na miguuni pamoja na hina, hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi, na malengelenge yake yamewapata maharusi na watalii sawia. Kilichokuwepo zamani, ambacho nakitetea, ni uwajibikaji. Singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugua bibi harusi, ilitengenezwa na mama aliyejulikana, na somo, yaani kungwi, aliyempaka mwari alikuwa wa kwanza kuulizwa mwari akiwashwa.

Uwajibikaji huo kwa sasa umewaangukia watu wasiostahili kuubeba peke yao, nao ni akina dada wanaouza vipodozi nyumbani kupitia status ya WhatsApp. Wako wengi katika mitaa yetu. Dada huyo huagiza krimu kumi au ishirini kutoka katika soko la mtandaoni, hulipa kutokana na chama au mkopo mdogo, huongeza shilingi chache za faida na kuwauzia jamaa, majirani na wanafunzi wenzake. Hana maabara. Ana picha ile ile aliyoonyeshwa yeye, naye huituma kama alivyoipata. Krimu ikimuunguza mtu, anayekwenda kubishiwa hodi ni yeye, kwa sababu ndiye pekee anayejulikana anakokaa. Na sheria ikija, humkuta yeye vilevile: kuwa na bidhaa ghushi kwa ajili ya biashara ni kosa, na adhabu ya kosa la kwanza hufikia kifungo cha miaka 5 au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa. Mtu wa mwisho katika mnyororo, aliyepata faida ndogo kuliko wote, ndiye anayekamatika kwa urahisi kuliko wote. Sheria inayofanya kazi kwa namna hiyo inaweza kujaza takwimu za kesi bila kupunguza hata kikopo kimoja kinachopanda basi la Lamu.

Kuna wanaosema kuwa soko la mtandaoni ni ukumbi tu, na kwamba mwenye ukumbi haulizwi juu ya kila kinachouzwa ndani yake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama soko lingeweka matangazo na kuwaacha watu wakutane wenyewe. Soko linalopokea malipo, kuamua bidhaa ipi ionekane juu, kuhifadhi mzigo ghalani na kuusafirisha limekwisha kuwa zaidi ya ukumbi. Mahakama ya rufaa ya California ililiona hilo mwaka 2020 katika kesi ya Bolger dhidi ya Amazon: betri ya kompyuta iliyouzwa na kampuni ya nje kwa jina la kubuni ilimuunguza mnunuzi, muuzaji hakujitokeza mahakamani, na mahakama ikaamua kuwa soko lililojiweka kati ya wawili hao linaweza kuwajibishwa kwa kasoro ya bidhaa. Baada ya hapo Marekani ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Juni 2023, inayoyalazimu masoko kuthibitisha utambulisho, akaunti ya benki na nambari ya kodi ya kila muuzaji aliyefikisha mauzo 200 na mapato ya dola 5,000 ndani ya mwaka. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria ya huduma za kidijitali iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, umeyataka masoko yamtambue muuzaji kabla hayajamruhusu kuuza.

Kenya haikosi msingi wa kufanya hivyo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitambua mikataba ya intaneti na kumtaka muuzaji atoe maelezo kabla mnunuzi hajakubali. Kinachokosekana ni kifungu kinachosema nani atalipa pale muuzaji anapotoweka. Wanaodai kuwa masoko haya hayafikiki, kwa kuwa mengine yana makao ng'ambo, wakumbuke kuwa serikali ilipotaka kodi iliyafikia: kuanzia Januari 2021 ilitoza asilimia 1.5 ya mapato ya huduma za kidijitali, masoko ya mtandaoni yakiwemo, na baadaye ikaibadilisha kodi hiyo kwa nyingine. Mkono uliofika kuchukua fungu la hazina unaweza kufika pia kudai fidia ya figo iliyoharibika.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni lile linalosema kwamba masoko yakibebeshwa dhamana yatapandisha kamisheni na kuwafungia nje wauzaji wadogo, akiwemo yule dada wa WhatsApp akitaka kupanda ngazi. Hatari hiyo ipo. Ndiyo sababu ya kupendelea kiwango cha mauzo kama cha Marekani kwa masharti ya uthibitisho mzito, huku muuzaji mdogo akitakiwa kitambulisho na nambari ya kodi, yaani PIN, peke yake. Lakini dhamana kwa mnunuzi haiwezi kuwekewa kiwango, kwa kuwa anayeumia hajui kama aliyemuuzia alikuwa mkubwa au mdogo. Soko likikubali muuzaji asiye na historia, na lijiwekee akiba ya kumlipia. Kuhusu mauzo ya WhatsApp yenyewe, ambayo hayana kamisheni, kanuni ninayoipendekeza haiyafikii moja kwa moja. Inayafikia kwa kumpa dada huyo mahali pa kurudi, akiwa na risiti mkononi, badala ya kubaki yeye na jirani aliyeungua.

Yako mambo mawili ambayo hayahitaji hata kungoja bunge. La kwanza ni muda wa kushikilia pesa. Masoko yanayojisifu kwa kumlinda mteja humpa siku chache za kurudisha mzigo, na mengi hayapokei kipodozi kilichofunguliwa. Siku chache zinatosha kwa kiatu kisichoingia mguuni. Kwa krimu hazifikii hata mwisho wa ile wiki ya kwanza ya kupendeza niliyoieleza. Sehemu ya malipo ya vipodozi vya usoni na vya kung'arisha ngozi ingestahili kuzuiliwa kwa wiki sita au nane, na maoni ya mteja yaombwe mwishoni mwa muda huo badala ya mwanzoni.

La pili ni kununua kwa ajili ya kupima. Maafisa wa KEBS, wa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi na wa Bodi ya Dawa na Sumu wanaweza, kwa gharama ndogo kuliko msako mmoja wa maduka, kuagiza vipodozi kama wateja wa kawaida, mzigo ukaletwa Mokowe kama unavyoletewa mtu yeyote wa Lamu, kisha ukapelekwa maabara moja na kupimwa yote matatu kwa pamoja: jina, sumu na dawa. Matokeo yachapishwe kila robo ya mwaka kwa Kiswahili, yakitaja soko, bidhaa na kilichokutwa ndani, ili mwanamke wa Kizingitini ayasome kwenye simu ile ile anayonunulia, na wakili wa mlalamishi awe na ushahidi wa maabara wa kuupeleka mahakamani.